Vyumba Tisa kwenye Sahani Nyeupe

Mwanangu Zaina,

Bahasha mbili nilizokutumia Muyinga zilirudi hapa Gitega bila kufunguliwa, kwa hiyo hii sitaitia kwenye bahasha. Nitaikunja mara moja tu na kumpa Mama Furaha, yule mama wa Uvira anayeuza vitenge jirani na karakana yangu na kupeleka mzigo huko kwenu kila baada ya wiki mbili. Nilimwambia akitaka aisome njiani. "Mzee, mi sisomake barua ya watu," akanijibu, kisha akafikiri kidogo. "Lakini kama iko wazi, mi ntafanya aje?" Basi ikikufikia ujue huenda wewe ni msomaji wa pili, au wa tano. Sina haya. Mzee anayeishi peke yake na sufuria moja na makopo ya gundi, haya humwisha mapema.

Tangu siku ya arobaini ya Nuru hujaniita Baba. Siku ile tulimsomea dua mjukuu wangu, mwanao wa pekee, nyumba yenu ikajaa watu, na wewe ukapita na birika. Ulipofika kwangu ukasema, "Mzee, ongeza sukari." Nikaongeza sukari. Sijui kama kuna mwingine aliyesikia. Mimi nilisikia, na mpaka leo kila nikikoroga chai nasikia. Barua hii naiandika kwa sababu nataka uniite tena lile jina la zamani. Nalisema mapema ili usije ukadhani nataka kukufundisha kitu, maana umeshafundishwa na mimi vya kutosha.

Unaikumbuka karakana ya Muyinga? Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, tukakaa kidogo Butihinda kwa ndugu wa mama yako, halafu tukahamia mjini kwa sababu huko kijijini hakuna mtu anayejalidi vitabu. Nilikuwa na meza moja, kibanio cha mbao, sindano nne na gundi ya unga wa muhogo ambayo mama yako alilalamika kwamba inamaliza chakula. Nilijalidi misahafu ya msikitini, madaftari ya ofisi na vitabu vya kwaya vya Wakristo. Wewe ulikuwa unatoka shule, unaweka mfuko mlangoni, unakaa juu ya rundo la karatasi nilizokukataza kukalia.

Kitabu chetu kililetwa na Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akifundisha. Kilikuwa kikubwa, cha Kifaransa, mgongo umepasuka kutoka juu mpaka chini. Alisema atakifuata baada ya wiki, akaondoka nchini, na sijamwona tena. Kazi ya mteja haiuzwi, nami sikuiuza. Ila hakuna sheria inayomkataza fundi kujua alichoshona. Shida ni kwamba mimi nilikuwa na Kiswahili na herufi za Kiarabu, na Kifaransa changu kilitosha kupatana bei ya ngozi tu. Wewe ulikuwa darasa la tano. Nikakuambia, soma.

Ulisoma kwa kidole, umesimama wima kama uko mbele ya darasa. Kilikuwa kitabu cha historia ya falsafa ya siri ya Wazungu: waliyoyafikiri juu ya nyota, madini, malaika na hesabu, kuanzia zamani za Wagiriki wa Misri mpaka siku za treni. Ulikuwa unasoma ukurasa mzima bila kupumua, mimi nauliza anasemaje, nawe unafupisha kwa namna yako.

"Anasema walikuwa natafuta dawa ya kugeuza risasi ikuwe dhahabu."

"Waliipata?"

"Sijafika huko, Baba. We ngoja."

Tulingoja miaka mitatu na hawakuipata, lakini njiani waligundua namna za kuchuja, kukoleza na kuyeyusha, na ulishangaa kwamba watu wanaweza kukosa walichokitafuta wakapata kazi nyingine kabisa. Mimi nilifurahi zaidi kuona ni mangapi katika hayo walijifunza kwa Waarabu. Nilitembea kwa maringo wiki nzima, mpaka mama yako akauliza kama nimeshinda kesi.

Mtu niliyempenda kuliko wote katika kitabu kile hakuwa mchawi wala mtazama nyota. Alikuwa msomi tu, mtu wa maneno. Unakumbuka habari yenyewe: mtawa mmoja alipeleka Italia maandiko ya Kigiriki, yakasemekana kuwa ya mwenye hekima wa Misri wa kale sana, wa wakati wa Musa au kabla yake. Bwana wa mji alikuwa mzee na mgonjwa, akamwamuru mfasiri wake aache kazi nyingine zote aanze na hii, ili aisome kabla hajafa. Watu wakayaheshimu maandiko hayo kwa zaidi ya miaka mia. Kisha akaja huyu msomi wangu, akayasoma neno kwa neno, akaonyesha kwamba Kigiriki chake ni cha baada ya Nabii Isa. Bila ugomvi, kwa kusoma tu. Nilipiga meza kwa furaha, gundi ikamwagika.

Wewe hukufurahi. Uliuliza, "Na watu waliachaga kuisoma?"

Ukaangalia ukurasa uliofuata na kujijibu mwenyewe kwamba wengi hawakuacha.

"Basi haikuwa umri ndio walikuwa natafuta," ukasema, ukaenda kuteka maji. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuona mtoto tu, nikadhani hukuelewa.

Sura uliyoipenda wewe ni ile ya udugu wa siri. Miaka mia nne hivi iliyopita, huko Ujerumani, vilitokea vijitabu vikitangaza kwamba kuna ndugu wenye hekima wanaoponya wagonjwa bila malipo na kukutana mara moja kwa mwaka, na kwamba anayewataka na awaandikie, watamwona. Hawakutaja mji wala nyumba. Basi watu wakaandika, madaktari na wanafunzi na watu wazima wenye ndevu zao, na kwa kuwa hawakujua pa kuzituma wakazichapisha barua hizo wazi, mtu yeyote azisome, wakakaa kungoja. Ndugu hawakujibu. Yaelekea hawakuwapo kabisa, na mmoja wa waliodhaniwa kutunga habari hizo alikuja kusema baadaye kwamba ulikuwa mchezo.

Baada ya wiki moja ulinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, umeandika Kifaransa chako kizuri cha shule, "Messieurs les frères", yaani Mabwana ndugu. Ulijitambulisha kuwa msichana wa Muyinga, ukawaomba waje wamwangalie mama yako mgongo. Nikakuita nikakukalisha. Nikakueleza kwamba ndugu hao hawapo na huenda hawakuwahi kuwapo, na kwamba lazima tutofautishe historia na mchezo.

"Mi najua hawako," ukasema. "Nilifikiri we ndio utanijibu."

Barua ile niliitia katikati ya kitabu na imo mpaka leo.

Halafu tukafika kwenye mraba. Mchoro mdogo, vyumba tisa, na ndani yake tarakimu: nne, tisa, mbili, tatu, tano, saba, nane, moja, sita. Kitabu kilisema Wazungu waliuita mraba wa nyota ya Zohali, wakauchora kwenye vipande vya risasi. Nilikuamuru usimame hapohapo. Niliteremsha kutoka juu ya kabati lile bunda la karatasi za babu yangu, zilizovuka mpaka kwenda uhamishoni na kurudi zikiwa ndani ya kitambaa cha plastiki, nikakufunulia. Mraba uleule, kwa tarakimu za Kiarabu, chini yake dua ya mgonjwa. Ulijumlisha kwa midomo, kushuka, kukata, kona kwa kona. "Kumi na tano. Kumi na tano. Baba, kila upande." Ukauliza nani alimwibia mwenzake. Nikakwambia hakuna aliyeiba, ulisafiri kwenye vitabu vya Waarabu mpaka Uhispania, ukafasiriwa huko, ukapanda kaskazini. Tulikaa na karatasi mbili bega kwa bega mpaka mama yako akatuita mara ya tatu kula ndagala, wale samaki wadogo, waliokwisha kupoa. Ile ndiyo siku niliyokuwa na furaha kuliko zote maishani mwangu, na nilikuwa nayo pamoja na wewe.

Mtaani wakaanza kusema fundi vitabu ana elimu nzito. Watu wakaja kuomba hirizi. Mmoja mke wake amekimbilia Mwakiro kwa wazazi, anataka dawa ya kumrudisha. Nilimweleza habari za Zohali saa nzima. Aliondoka amechoka kuliko alivyokuja, na mke alirudi mwenyewe baada ya mavuno. Nilikuwa nasema kila siku, kujua historia ya jambo si kulitenda. Mama yako, Mungu amrehemu, alinijibu mara moja tu: "Baba Zaina, we unajua yote, lakini hakuna kitu unafanyaka." Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka zaidi.

Kisha mama yako akaondoka, wewe ukaolewa na Issa wa duka la viatu, nami nikahamia Gitega kufuata kazi za madaftari. Kitabu nilikuja nacho. Hatukuwa tumekimaliza, zilibaki kurasa sitini.

Sasa nifike kwenye siku ile. Sitaki kufika, lakini Mama Furaha anasafiri Jumamosi.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Nuru alikuwa na siku tatu hospitalini hapa Gitega, mlikomleta kutoka Muyinga, malaria imepanda kichwani, na madaktari walikuwa wanafanya waliloweza. Ulikuja karakana kwa miguu. Ulikuwa na sahani nyeupe mpya, bado na karatasi ya bei, na zafarani kidogo iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Uliviweka juu ya daftari nililokuwa nalishona.

"Baba, niandikie kombe. Ule mraba, na dua ya babu. Nimupatie anywe."

Sisi wa mtaa wa Waswahili hatuhitaji kuelezwa kombe, lakini Mama Furaha labda anasoma, basi nimweleze: maandiko kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Bibi yangu alininywesha mara nyingi kuliko dawa.

Nilikuuliza kama madaktari wamekukatia tamaa. Ukasema hapana, dawa iko inaingia na maji kwenye mshipa. Nikakuuliza mbona hukwenda kwa shehe, yeye huandika kila siku. Ukasema, "Shehe iko. Mi nataka mkono yako."

Na mimi, Zaina, nikakueleza. Nikakwambia wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea ule mraba ulikotoka, kwamba ni hesabu ya watu wa kale na haina njia ya kuingia kwenye damu ya mtoto. Nikataja Zohali. Nikataja Uhispania. Ulikuwa umesimama, kanga imekulegea begani, hujalala siku tatu, na mimi nikataja Uhispania.

"Quand même, Baba, hata hivyo," ukasema, na sauti yako ilikuwa ya chini. "Mi sikuulizi kama unaamini. Andika tu."

Nikasema siwezi kuandika nisichokiamini. Nikasema nitakuja hospitalini asubuhi, maana madaftari yale yalitakiwa kesho. Ukaondoka. Sahani uliiacha. Nilikaa nikashona mpaka magharibi, nikajiona mtu mwenye msimamo.

Kesho yake nilifika saa nne. Issa alikuwa nje ukutani, na uso wake ulinitosha.

Wewe si mjinga na hujawahi kuwa. Najua hunilaumu kwamba zafarani ingemponya. Msibani ulikaa na wanawake na hukunitazama, nikajidanganya kwamba ni uchungu tu. Baada ya ile arobaini nikajidanganya kwamba utapoa. Nilikuja Muyinga tena wakati wa mvua, ukanipikia vizuri, ukanipa kiti kizuri, ukaniuliza habari za barabara. Ndipo nikajua nimekuwa mgeni kwako. Nilirudi Gitega nikalia, na mimi si mtu wa kulia, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.

Nina upweke, mwanangu. Nalisema hivyo bila kupamba. Napika maharage ya siku mbili na yanafika siku ya nne. Nimezoea kuzungumza na kibanio. Mteja wa Makebuko alikuja kuchukua kitabu chake cha hesabu za ushirika, akanikuta namweleza mtu kitu na hakuna mtu, akaondoka haraka. Jioni nakunywa chai kwa uchungu wa sukari yako.

Kwa kukosa la kufanya nikafungua zile kurasa sitini. Nilinunua kamusi iliyotumika, nikasoma mwenyewe, neno baada ya neno, nikiweka kidole kama wewe. Ilinichukua miezi. Sura ya mwisho ni ya siku za treni na taa za gesi. Watu wa Ulaya na Amerika walikuwa wanakaa kuizunguka meza, wanashikana mikono, wanawaita wafu wao wagonge meza kuwajibu. Mwandishi anasema udanganyifu ulikuwa mwingi, na anaueleza vizuri: nyuzi, viatu, magoti yanayoinua meza. Zamani ningepiga meza kwa furaha. Lakini kuna mstari mmoja ameuandika kwa kupita, kwamba wengi katika waliokaa kwenye meza hizo walikuwa wazazi waliofiwa na watoto. Nikaurudia mstari huo kwenye kamusi nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Walikuwa wameketi pale sebuleni, na mtu amewashika mkono wa kulia, na mwingine wa kushoto.

Maisha yangu yote nimesoma habari za watu hawa nikiuliza swali moja tu, la yule msomi wangu: je, ni kweli? Ni swali zuri, na hata leo nikiulizwa kama mraba unaponya nitasema hauponyi. Wewe hukuniuliza hilo. Ulipokuwa na miaka kumi na moja uliandika barua kwa watu ambao unajua hawapo, ili baba yako akujibu, nikakujibu kwamba hawapo. Udugu ule haukujibu mtu kwa sababu haukuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa umbali wa hatua mia tano kutoka kitanda cha Nuru, nashona madaftari.

Ijumaa iliyopita, nilipotoka msikitini, niliishusha sahani yako kutoka kwenye rafu. Karatasi ya bei bado ipo. Zafarani ilikuwa ndani ya gazeti lilelile, imekauka lakini haijapoteza rangi. Nikaikoroga kwa maji kidogo, nikachonga kijiti. Nikaweka sita mahali pa tano, nikafuta kwa pindo la kanzu, nikaanza upya. Vyumba tisa, na dua ya babu yangu kuizunguka, na kati ya mraba na dua nikaandika jina la Nuru, kwa kuwa ndilo uliloniletea. Nikaosha kwa maji, nikanywa.

Hakikutokea kitu. Ladha yake ni maji na zafarani. Kazi yote, pamoja na kukosea na kufuta, ilikuwa fupi kuliko kushona daftari moja. Hicho ndicho ulichoniomba: maji yenye rangi, na baba yako akae kando wakati mtoto anakunywa. Nikakupa historia. Nisamehe, Zaina. Nisamehe kwa siku ile, na kwa ile barua ya mgongo wa mama yako pia.

Sahani nimeiosha na kuikausha. Jumatano ijayo nitapanda gari la asubuhi la kupitia Karuzi, nayo nitaipakata. Kitabu sitakileta. Nitakaa dukani kwa Issa, kwenye kile kiti ambacho wateja wanajaribia viatu, mpaka afunge. Usipotaka kunitokea, Issa atakuletea sahani nyumbani, nami nitageuza bila kinyongo. Ukija, hutanisikia nikieleza kitu chochote. Tunaweza kukaa tu. Na ukiniita Mzee, nitaitika vilevile, kwa sababu sasa najua kilichonishinda ni kuitika.

Nisalimie Issa, na unifikishie salamu kwenye kaburi la Nuru kabla sijafika mwenyewe.

Mimi,
Baba yako